Barabara Iliyopinda Mlangoni Kwetu

4 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nitakupa mwishoni, kama zitabaki. Simu yako inaita mpaka inachoka, na siku ukipokea unanong'ona kwamba uko kikaoni. Barua angalau haiwezi kukatwa katikati ya sentensi.

Jana asubuhi walikuja watu watatu wenye fulana za manispaa na ndoo ya rangi nyekundu. Walipita nyumba hadi nyumba wakichora X ukutani, kubwa, kimo cha mtu. Hawakubisha hodi. Mkunga alikuwa anaanika mashuka uani. Walimsogeza kama wanasogeza kiti, wakachora, wakaenda zao. Mwanamke aliyewapokea nusu ya watoto wa mtaa huu, wakiwemo wangu wawili, hakupewa hata shikamoo. Nimehesabu nyumba kumi na tisa.

Tulikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, yule tunayemwita Muhuri kwa sababu hugonga muhuri hata kwenye kadi ya kliniki. Akasema barabara mpya inapita, mpango umetoka makao makuu, yeye mdomo wake mdogo. Mdomo wake mdogo! Wakati wa kuomba kura ulikuwa unatosha mtaa mzima.

Sasa nakuuliza wewe uliyeko huko makao makuu. Nani kachora mstari huo? Anakaa chumba gani, kiti gani? Nataka kumtazama usoni nimuulize aliwahi kufika hapa lini. Mimi sikati kitambaa kabla sijampima mtu. Yeye kakata watu kumi na tisa bila hata kuwaona.

Nijibu upesi. Nina hasira mpaka sindano zinanivunjikia.

Dada yako,
Fundi


10 Machi

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, na naomba uisome yangu ukiwa umetulia.

Kwanza, mpango wa mji hauchorwi na mtu mmoja. Kuna timu, kuna kamati, kuna baraza la madiwani. Mstari unaouona ni matokeo ya miaka miwili ya kazi: hesabu za magari, picha za angani, makisio ya watu watakaoongezeka. Kumtafuta "aliyechora" ni kutafuta tone moja ndani ya pipa.

Pili, mji usio na barabara ya kuukata katikati ni kama nyumba isiyo na korido: kila mtu lazima apitie chumbani kwa mwenzake. Gari la wagonjwa linalotoka sokoni kwenda hospitali linazunguka dakika arobaini. Mtu anayekaa mtaani anaona mlango wake na wa jirani, na ni haki yake. Lakini lazima awepo wa kuona mji mzima, tena awe mbali kidogo, la sivyo hakuna kitakachojengwa kamwe. Hiyo si roho mbaya. Ndiyo kazi yenyewe.

Tatu, sheria imeweka nafasi. Rasimu imebandikwa kwenye ofisi ya manispaa tangu tarehe 3 Machi mpaka tarehe 2 Aprili. Mwenye pingamizi anajaza fomu, na pingamizi lake linasomwa mbele ya kamati. Huo ndio mpango shirikishi, Dada. Waambie majirani watumie njia hiyo badala ya kupiga kelele.

Wewe binafsi naomba usijiingize. Shukuru Mungu nyumba yetu haikupakwa rangi, endelea na kushona kwako.

Mdogo wako,
Afisa Mipango Miji Mwandamizi

(Muhuri wa ofisi uko hapo juu kwa sababu nimetumia karatasi ya ofisi, usiutafsiri vibaya.)


16 Machi

Bwana Mkubwa,

Nimetumia njia yako. Hebu nikusimulie ilivyo, maana inaonekana hujawahi kuipita.

Tulikwenda watu ishirini. Ubao wa matangazo uko ghorofa ya pili, kwenye korido ya vyoo, nyuma ya mlango unaofungukia ukutani. Mlango ukiwa wazi, ubao hauonekani. Na mlango huo huwa wazi saa zote za kazi. Umewekewa tofali lisiuache ujifunge. Mkunga ndiye aliyeondoa tofali. Wale wafanyakazi walitutazama kana kwamba tumevunja benki.

Nyuma ya mlango ndipo nilipoukuta mpango wako shirikishi. Kwenye maelezo imeandikwa kwamba eneo letu ni "ardhi yenye matumizi hafifu na makazi ya muda." Nikamuuliza karani, makazi ya muda kivipi, mkunga ana miaka thelathini na moja pale? Akanijibu kwa upole kabisa, kijana mwenye adabu, "Mama, kwenye picha ya angani yale mabati yenye kutu yanafanana rangi na udongo. Wataalamu wameona ardhi tupu." Umesikia? Mabati yetu yameshika kutu, kwa hiyo sisi hatupo.

Tukaomba fomu. Fomu ina kisanduku cha namba ya kiwanja. Nani mtaani kwetu ana namba ya kiwanja? Hakuna aliyewahi kupimiwa. Karani akasema, "Bila namba mfumo haukubali." Kwa hiyo anayebomolewa hana haki ya kupinga kwa sababu hana namba, na hana namba kwa sababu manispaa hiyohiyo haikuwahi kumpimia. Nikapandisha sauti mpaka mlinzi akaja.

Karani akataka kunituliza. Akauliza nyumba yangu iko wapi, nikamwelekeza, akabofya mashine yake. Kisha akasema, na watu kumi na tisa wamesimama mgongoni kwangu: "Mbona ya kwako ipo, mama? Imepimwa. Ina hati. Majina mawili, lako na la kaka."

Nikakumbuka wale mabwana wawili wenye mashine ya miguu mitatu uliowaleta mwaka juzi. Uliniambia wanapima njia ya bomba la maji. Nikawapikia chai! Mama akawaombea dua! Bomba lenyewe mpaka leo hatujaliona. Na zile karatasi ulizonipa nisaini nikiwa na pini mdomoni, nikasaini bila kusoma kwa sababu ni wewe.

Sasa nisikilize vizuri. Kwenye barua yangu ya kwanza sikukuandikia kwamba nyumba yetu haina X. Niliona haya kukuandikia. Nilidhani rangi iliwaishia, au watarudi kesho. Wewe ulijuaje?

Nikautazama tena mchoro. Mstari unatoka sokoni umenyooka kama uzi wa timazi. Ungeendelea hivyo, ungepita kwenye nyumba moja, kisha kwenye yadi ya manispaa wanakotupa malori yaliyokufa, kisha ungetokea hospitali. Nyumba hiyo moja ni yetu. Badala yake unafika karibu na kwetu, unapinda, unakula nyumba kumi na tisa, halafu unarudi kwenye njia yake. Mimi nina miaka ishirini na sita kwenye cherehani. Najua mkunjo unaowekwa kwa ajili ya umbo la mtu, na najua mkunjo wa fundi aliyetaka kuficha kitu.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Hakuna aliyenisemesha njia nzima.

Nani kachora mstari?

Fundi


21 Machi

Dada,

Mimi.

Umeridhika? Ni mimi. Mchoro wa kwanza ulikuwa umenyooka, nao niliuchora mimi pia, nikagundua unapita juu ya nyumba yetu siku nilipouweka juu ya picha ya angani. Nilikaa na rula mkononi mchana kutwa. Kisha nikatuma wapimaji, nikatafuta hati, kwa sababu kiwanja kilichopimwa hakiguswi mpaka mpango wote urudi kwenye kamati, na wakubwa wangu hawapendi kurudi kwenye kamati. Baada ya hapo nikaukunja mstari, nikaandika kwamba ni kwa sababu ya mkondo wa maji ya mvua. Hakuna aliyeuliza. Yadi ya malori ikapona, mkurugenzi akafurahi, akanipandisha cheo.

Lakini usinijie na mahubiri. Umesahau? Ulikuwa na miaka kumi na mmoja, mimi sita. Tingatinga lilikuja tukiwa tunakunywa chai. Askari akamwambia Mama atoe vitu upesi. Watu walikuwa wanatoa magodoro, sufuria, redio. Mama akang'oa mlango. Akaubeba kichwani kutoka kule mpaka hapo mlipo sasa, wewe umemshika kanga upande mmoja, mimi upande mwingine. Nilimuuliza mlango wa nini wakati hatuna nyumba. Akasema, "Nyumba tutaipata." Shingo yake haikuwahi kupona, na unajua hilo kuliko mimi, wewe ndiye uliyekuwa unaikanda.

Siku ile ndipo nilipoapa kwamba nitakuwa mtu wa kushika kalamu, nisiwe tena mtu wa kung'oa mlango. Na mwaka ule nilipokuwa nauchora huo mstari, Mama alikuwa kitandani, kanishika mkono, kaniambia, "Wasinihamishe tena." Ungefanya nini? Ungemjibu kwamba hesabu za magari zimekataa?

Unadhani huku juu haki inapimwa kwa futi kamba? Kila aliyeketi kwenye kamati ile ana mkunjo wake. Soko lilisogezwa kwa ajili ya shamba la shemeji ya mtu. Bustani ya watoto ilifutwa ili mtu apate kituo cha mafuta. Nimekaa nao miaka kumi na mbili nikiwa mtakatifu, nikinyoosha mistari ya watu wengine. Nimekunja mara moja tu, kwa ajili ya mama yangu, na wewe ndiye wa kwanza kunihukumu, ukiwa umelala chini ya bati nililoliokoa.

Mama alikufa kwenye kitanda chake, ndani ya nyumba yake. Hilo nililifanya mimi. Silijutii.

Mdogo wako


25 Machi

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nililia kwa sababu ya Mama. Mara ya pili na ya tatu nilitamani ungekuwa karibu nikuchape.

Ndiyo, nilimkanda ile shingo miaka thelathini. Kwa hiyo usinifundishe habari za mlango. Mama aliubeba mlango wake kwa kichwa chake. Hakumtwisha jirani. Wewe umechukua mzigo wa Mama ukaugawa kwa watu kumi na tisa, halafu unataka nikushukuru.

Tena Mama amekufa tangu kipupwe cha mwaka jana. Nakupa hiyo moja: kama ulikunja ili afe kwa amani, sawa, nitakutetea mbele ya yeyote. Lakini tumemzika. Miezi minane imepita, mstari ni uleule kwenye meza ileile, na kalamu unayo. Kwa miezi hii minane ulikuwa unamlinda nani? Cheo?

Unajua nalalaje chini ya bati uliloliokoa? Tangu karani aseme yale maneno, cherehani yangu imenyamaza. Mwanamke mmoja alikuja kuchukua sare za wanawe zikiwa zimekatwa bado hazijashonwa. Akazikusanya vipande vipande, akaondoka. Hakunitukana, na afadhali angenitukana. Mkunga peke yake ndiye aliyekuja kukaa barazani. Akasema, "Utakuwa na barabara nzuri, mwanangu. Wateja watakuwa wanashuka mlangoni." Hakusema kwa kejeli, alikuwa ananitakia heri kwa moyo mweupe. Nikaingia ndani nikajifungia.

Sasa nikwambie nilichokuta huko ndani. Ulipomaliza chuo uliniachia nakala tatu za tasnifu yako. Moja ipo kabatini. Nyingine nilizikatia ruwaza za nguo, maana karatasi zake ngumu. Ukurasa wa kumi na mbili una kola ya mtoto upande wa nyuma, na upande wa mbele umeandika hivi: "Mpangaji asishike kalamu kabla hajautembea mtaa mlango kwa mlango, kwa sababu mji unajulikana kwa nyayo kabla haujajulikana kwa macho." Ulinisomea mwenyewe hapa barazani, ukiwa umevaa shati nililokushonea la mahafali. Nilimwambia Mama, huyu Rula wetu atakuja kuwa mtu. Ule mtaa uliouandika ni huu huu. Kwenye picha ya angani uliona udongo, lakini wewe, wewe mwenyewe, ulijua vizuri kwamba ni bati la mkunga. Wengine wote walidanganywa na kutu. Wewe hukudanganywa.

Nimefikiri, na nimepata njia moja tu. Katika mtaa mzima mwenye namba ya kiwanja ni mimi na wewe. Umetupa namba, basi nitaitumia. Ndani ya bahasha hii kuna fomu ya pingamizi niliyoirudia kwa karani. Nimeijaza kwa mkono wangu. Kwenye "sababu za pingamizi" nimeandika: "Wenye kiwanja hiki tunapinga mkunjo. Tunaomba barabara inyooshwe kama ilivyokuwa kwenye mchoro wa kwanza, ipite kwenye nyumba yetu na kwenye yadi ya malori." Nimesaini. Karani amesema hati ni ya wawili, kwa hiyo bila saini ya pili ni karatasi ya kufungia karanga. Amesema pia fomu inaweza kupokelewa huko kwa afisa mwenye mpango. Ambaye ni wewe.

Kwa hiyo inatakiwa saini yako mara mbili, ya mwenye nyumba na ya mwenye muhuri. Na uambatanishe mchoro wa kwanza. Najua unao, wewe hutupi karatasi tangu utotoni.

Najua nini kitakupata. Usidhani sijui.

Dada yako


31 Machi

Rula,

Hujajibu. Barua hii nampa dereva wa basi la asubuhi, posta itachelewa. Kesho kutwa ndiyo mwisho.

Jana Muhuri kapita na barua ya kuhama, siku kumi na nne, kila nyumba yenye X. Mkunga kampa kiti, kaipokea kwa mikono miwili, kisha kaniletea nimsomee kwa sababu miwani yake imevunjika. Nimemsomea. Imeandikwa, "kwa kuwa hakuna pingamizi lolote lililopokelewa." Muda haujaisha, wao tayari wameandika hakuna!

Nikamwambia, mama, aliyepinda barabara ni mdogo wangu. Nilimwambia hivyohivyo, sikumumunya maneno. Kisha akaniuliza, "Yule aliyekuwa anatembea na rula, anapima kina cha madimbwi?" Nikasema huyohuyo. Akasema, "Alikuwa anatuonyesha sisi wazee pa kukanyaga."

Sina la kuongeza. Ukinyamaza mpaka tarehe tatu, usije hapa tena, na ukija usiniite Dada.

Fundi


2 Aprili

OFISI YA MIPANGO MIJI, MAKAO MAKUU

YAH: PINGAMIZI NAMBA 1 DHIDI YA RASIMU YA BARABARA MPYA, SOKONI HADI HOSPITALI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Pingamizi lenu limepokelewa leo saa nne na dakika kumi asubuhi, likiwa ndani ya muda, likiwa na namba halali ya kiwanja na saini za wamiliki wote wawili. Limeambatanishwa na mchoro wa kwanza wa barabara hiyo na maelezo ya afisa mhusika ya kurasa mbili kuhusu sababu halisi za kubadilishwa kwa mstari.

Kwa mujibu wa sheria, rasimu inarudishwa kwenye kamati na itajadiliwa katika kikao cha wazi. Hadi hapo, alama zote zilizowekwa kwenye majengo na barua zote za kuhama zimesitishwa. Nakala ya barua hii imetumwa kwa mwenyekiti wa mtaa, naye ameelekezwa kuisoma kwa sauti mbele ya wakazi.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Afisa Mipango Miji Mwandamizi

Dada,

Sehemu hii naiandika kwa kalamu, chini ya muhuri, na nakala yake haiendi popote.

Barua yako ya mwisho ilinikuta nimeshika fomu yako siku tatu. Niliisaini, nikaifungia kwenye droo, nikaitoa, nikaifungia tena. Kilichonitoa kwenye kiti si wewe, usijipe sifa. Ni yale madimbwi. Nilikuwa nimesahau kwamba niliwahi kupima kitu ili mtu asianguke.

Mkurugenzi amekwishapata nakala. Aliniita saa sita, akanitukana matusi ambayo sitayaweka kwenye karatasi, na saa saba nikapewa barua ya kujieleza. Kompyuta wameichukua. Kikao kikikaa, yale maelezo yangu yatasomwa mbele ya watu, mkunjo na jina langu kwenye sentensi moja. Wale wenye mikunjo yao watatikisa vichwa kwa masikitiko, na mimi nitakuwa nimesimama pale nikiwatazama. Nina hasira nao. Nina hasira na wewe pia, na itachukua muda kuisha, kwa sababu umenivua nguo na ulikuwa na haki ya kunivua.

Sikuahidi kwamba kamati itakubali. Wanaipenda sana ile yadi. Lakini sasa watalazimika kusema kwa sauti kwamba wanapenda malori yaliyokufa kuliko watu walio hai, na mkunga awe amekaa mstari wa mbele akiwasikiliza.

Jumamosi nakuja. Nitashukia sokoni na kuutembea ule mstari wote kwa miguu, mlango kwa mlango, kama ukurasa wa kumi na mbili. Atakayetaka kunitukana anitukane, nitasimama mpaka amalize. Nitaishia kwako. Kama kuna salamu zilizobaki, nitazichukua hapo.

Na wakikubali kunyoosha, usimwite seremala, wala usikodi mkokoteni. Mlango wa Mama nitaung'oa mwenyewe, na nitaubeba mimi.

Rula